Kushusha na Kupandisha Giaboksi ya Pikapu Nyumbani

Giaboksi ya pikapu ya gia za mkono inaweza kubadilishwa uani, na watu wawili wenye spana za kawaida, jeki nzuri na stendi imara. Gereji yenye shimo huweza kuimaliza kazi hiyo kwa nusu siku. Nyumbani ni busara kuitengea siku mbili. Kinachozungumzwa hapa ni kushusha giaboksi nzima na kupandisha nyingine nzima. Kuipasua giaboksi yenyewe ili kubadilisha beringi na gia za ndani ni kazi ya presi na vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na mahali pake si chini ya mwembe.

Gari la mfano ni Toyota Hilux ya dizeli inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, yenye injini ya familia ya L: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 au 5L ya cc 2,986. Limechaguliwa kwa kuwa limezoeleka, shambani na mjini, na kwa kuwa mpangilio wake hauna mafumbo: injini mbele, giaboksi nyuma ya injini, kisha propela, halafu difu. Anayeielewa Hilux hiyo hatapotea sana akilala chini ya Nissan au Isuzu ya umri huohuo.

Kabla ya spana yoyote kushikwa, lipo swali la kama giaboksi ni mbovu kweli. Giaboksi nyingi hushushwa zikiwa hazina kosa. Dereva husikia gia inakwaruza, anakata shauri papo hapo, na fundi asiye na subira anakubali. Kumbe mara nyingi tatizo liko kwenye klachi. Jaribio lake huchukua dakika mbili. Gari likiwa limezimwa, gia zote huingizwa moja baada ya nyingine. Kisha injini huwashwa, klachi hukanyagwa hadi chini, na gia huingizwa tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa imewashwa, huku rivasi ndiyo inayolia zaidi, klachi haiachii sawasawa. Hapo hutazamwa kwanza kikopo cha mafuta ya klachi chini ya bonneti, halafu silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambayo mafundi huiita slevu. Mpira wake ukivuja, pedali hukosa nguvu ya kutenganisha klachi, na dawa yake ni spea ndogo na kazi fupi. Injini nayo ikivuma kwa kasi kubwa wakati gari halipandi mlima, klachi pleti imekwisha. Giaboksi italazimika kushuka, lakini itakayorudishwa juu ni ileile.

Liva inayoyumba hadi dereva hajui kama ameingiza gia ya tatu au ya tano nayo huwatisha watu bure. Katika Hilux hizi liva hukaa moja kwa moja juu ya giaboksi, na ncha yake ya chini imevikwa kikombe kidogo cha plastiki. Kikombe hicho huliwa na miaka, hupasuka, na wakati mwingine hupotea kabisa. Hubadilishwa kutokea ndani ya kabini bila mtu kwenda chini ya gari.

Sauti nazo zina lugha yake. Gari limesimama, injini inaunguruma, gia iko frii na mguu hauko kwenye klachi: mlio unaosikika hapo, kisha ukatoweka klachi inapokanyagwa, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Mlio unaozaliwa klachi inapokanyagwa ni wa beringi ya klachi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti. Gari likiwa njiani, gia ya kusikiliza kwa makini ni ya nne. Katika giaboksi hizi gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na nguvu haipiti kwenye shafti ya chini. Kwa hiyo gari linalovuma kwenye gia nyingine zote likatulia kwenye ya nne limekwisha beringi za shafti ya chini, au meno yake. Gia moja tu inayokwaruza, mara nyingi ya pili, huwa imeliwa pete ya shaba ya sinkronaiza. Na gia inayoruka na kurudi frii gari linapobeba mzigo ni dalili ya uchakavu wa ndani usiotibika kwa kubadilisha oili.

Shahidi wa mwisho ni nati ya kumwagia oili chini ya giaboksi, ambayo nyingi huwa na sumaku. Unga laini wa kijivu ulioganda kwenye sumaku ni wa kawaida. Ni umri tu. Vipande vinavyochoma vidole si vya kawaida. Chembe za njano zinazomeremeta kwenye oili zimetoka kwenye sinkronaiza. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, jambo la kawaida kwa pikapu iliyovuka mto uliofurika ikaachwa bila kukaguliwa. Uamuzi wa kushusha hufanywa baada ya ushahidi huu wote kukusanywa.

Giaboksi mpya ni ghali, na wengi hununua iliyotumika. Dar es Salaam hutafutwa Kariakoo na Gerezani, Nairobi hutafutwa Grogan na Kirinyaga Road, Kampala hutafutwa Kisekka. Mzigo mwingi huwa umetoka Japani au umepitia Sharjah. Ugumu ni kupata iliyo sahihi. Kwenye chumba cha injini kuna kibati kilichopigwa maandishi. Mstari wa modeli kwa dizeli hizi huanza na herufi LN, na mstari wa TRANS/AXLE hutaja aina ya giaboksi, kwa mfano G52. Kibati hicho hupigwa picha kabla ya safari ya dukani.

Makosa yanayofanyika dukani yanafahamika. Giaboksi ya Hiace ya jamii ya G hufanana na ya Hilux kwa macho ya haraka, lakini Hiace hubadilisha gia kwa mfumo wa mbali, kwa hiyo sehemu ya liva haiko sawa. Giaboksi ya injini ya petroli huwa na hauzingi, yaani sehemu ya mbele inayofungwa kwenye injini, yenye mpangilio mwingine wa bolti, hata kama tumbo lake ni lilelile. Ya gari la magurudumu manne huwa na mkia mwingine ili transfa ikae nyuma yake. Namna salama ni kushusha ya zamani kwanza na kuipeleka dukani, ikalazwa kando ya inayouzwa. Hulinganishwa urefu, matundu ya bolti, idadi ya meno ya shafti ya mbele, mahali pa kebo ya spidi na umbo la mkia propela inapoingia. Muuzaji anayesema "hii inaingia tu" bila kuhesabu meno ya shafti hajawahi kulala chini ya gari.

Giaboksi ya mtumba hukaguliwa kwa mkono. Shafti ya mbele huzungushwa katika kila gia, na ya nyuma lazima iitikie bila kukwaruza wala kukwama. Shafti ya mbele kutikisika kidogo upande kwa upande si ugonjwa, kwa kuwa ncha yake hutegemea beringi ndogo iliyo katikati ya krankishafti, na hapo dukani haina cha kuitegemea. Kutikisika mbele na nyuma kwa kiasi kikubwa ni ugonjwa. Masikio ya hauzingi hutazamwa kama yana nyufa au alama za kuchomelewa. Makubaliano ya kurudisha mali huandikwa kwenye risiti, si kwenye hewa.

Sasa uwanja. Panapofaa ni sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwenye udongo huwekwa mbao pana na nene chini ya kila stendi, na siku ya mvua kazi huahirishwa. Gari huinuliwa mbele na nyuma na kukalishwa kwenye stendi nne zilizowekwa chini ya chasisi na ekseli, kwa kimo kinachotosha hauzingi, iliyo pana kuliko sehemu nyingine yote, kupita chini ya gari ikiwa imelala juu ya jeki. Kimo hicho hupimwa mapema, kwani wapo walioishusha giaboksi vizuri wakashindwa kuitoa nje. Jeki ni ya kuinulia. Haimlindi mtu aliye chini. Tofali la saruji halitumiki kabisa, maana hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Gari likishakaa, husukumwa kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, hushushwa na kupangwa upya. Bora kosa ligundulike hapo kuliko baadaye, mtu akiwa ameshika kilo 40 au zaidi za chuma kifuani.

Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza kabisa. Kebo nene ya starta ina umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikiigusa pamoja na bodi huwaka moto mkononi.

Kazi ya kushusha huanzia ndani ya kabini. Mpira wa liva hufunuliwa, na chini yake huonekana kifuniko cha duara kinachobana springi. Hushindiliwa chini kwa mkono na kuzungushwa kinyume cha saa, na liva hutoka nzima. Tundu linaloachwa huzibwa kwa kitambaa safi, kwa sababu mchanga au nati ikitumbukia mle, giaboksi ya mtumba imekuwa mbovu kabla haijafanya kazi. Wanaosahau hatua hii hugundua giaboksi inaning'inia kwa liva wakati kila bolti imekwisha kutolewa.

Chini ya gari oili humwagwa. Katika giaboksi itakayorudishwa juu, nati ya ubavuni, ya kujazia, hulegezwa kabla ya ile ya chini. Nati ya kujazia iliyogoma baada ya oili yote kumwagika ni taabu isiyo ya lazima. Oili chafu hukingwa kwenye chombo. Wengi huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, lakini si mahali penye kisima karibu.

Propela hufuata. Kabla ya bolti kulegezwa, mstari wa rangi au wa patasi huchorwa kwenye sahani mbili zinazokutana difuni, ili irudi palepale ilipokuwa. Propela iliyogeuzwa huweza kuleta mtetemo unaomsumbua dereva miezi mingi bila kujua asili yake. Bolti ni nne, za spana ya 14. Handibreki hufungwa ili propela isizunguke, kisha huachiwa ili ya upande wa pili ifikiwe. Hilux ndefu huwa na propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati iliyofungwa kwenye chasisi, nayo hufunguliwa. Mbele, propela huvutwa tu ikatoka mkiani mwa giaboksi. Oili iliyobaki hufuata, kwa hiyo mfuko wa plastiki na mpira huwa tayari kuziba mkia.

Vitu vidogo vinavyoshika giaboksi havina ugumu ila kusahaulika: kebo ya spidi, waya wa taa ya rivasi, kishikio cha ekzosi. Ekzosi kuukuu mara nyingi huhitaji dawa ya kutu ya usiku mzima. Starta hutoka kwa bolti mbili. Slevu ya klachi hufunguliwa bolti zake mbili ikafungwa kando kwa waya, paipu yake ikiachwa ilivyo. Hivyo mfumo hauingii hewa. Tangu hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kukanyaga pedali ya klachi, wala mtoto anayecheza udereva, kwa kuwa pistoni itaruka nje na mafuta yote kumwagika.

Inafuata sehemu ya hatari. Jeki moja yenye kibao huwekwa chini ya sampo ya injini, ikigusa tu bila kuinua, kwa sababu giaboksi ikiondoka injini hulalia nyuma. Jeki ya pili, ya magurudumu, huwekwa chini ya giaboksi ikiwa na kitanda cha ubao, na giaboksi hufungwa juu yake kwa mkanda. Asiye na jeki ya pili anaweza kulaza mtalimbo au boriti ngumu kabini, kutoka kizingiti cha mlango mmoja hadi cha mwingine, akapitisha kamba au winchi ya cheni kwenye tundu la liva. Ni njia nzuri kuliko inavyosikika, na huacha nafasi chini. Kisha hutolewa mwamba wa chuma unaokatiza chasisi na kubeba mkia wa giaboksi.

Mkia ukishushwa kidogo, bolti za juu za hauzingi hujitokeza. Hizi ndizo zinazowafanya watu waite fundi. Haziwezi kuonwa wala kufikiwa kwa spana ya kawaida. Hufikiwa kutoka nyuma, kwa boksi ya 14 au 17 iliyoungwa kwenye ekstensheni mbili au tatu zinazopita juu ya mgongo wa giaboksi, na mtu wa pili akielekeza boksi kwa vidole kutoka upande wa injini. Wakati wa kushusha mkia, mtu mmoja huangalia feni isiguse rejeta na mipira ya maji isivutike. Bolti za hauzingi hazina urefu mmoja. Kipande cha boksi la katoni chenye mchoro wa duara la hauzingi, kila bolti ikachomekwa mahali ilipotoka, huokoa saa nzima siku ya kurudisha.

Bolti zote zikitoka, giaboksi huenda bado ikang'ang'ania, kwani pini mbili za kulenga hushikwa na kutu. Hutikiswa, na mtalimbo hutumika kwa upole kwenye masikio, si kwenye nyuso za aluminiamu zinazokutana. Halafu huvutwa nyuma moja kwa moja, bila kuinamishwa, mpaka shafti ya mbele itoke yote kwenye klachi. Katika hatua hii uzito wa giaboksi haupaswi kuning'inia kwenye shafti hiyo hata kwa dakika moja. Ndipo pua yake hushushwa na jeki huvutwa nje.

Giaboksi ikiwa chini, klachi yote iko wazi. Kurudisha klachi pleti iliyochakaa ili kuokoa fedha ni uchumi wa uongo: spea itanunuliwa tu baadaye, na kazi yote ya siku mbili kurudiwa. Busara inataka vitu vitatu vibadilishwe pamoja, yaani pleti, presha pleti na beringi ya klachi. Flaiwili hutazamwa uso wake. Madoa ya buluu ni alama ya joto kali. Ikiwa na nyufa nyembamba au mifereji, hupelekwa kwa mchonga vyuma isawazishwe, au hubadilishwa ikiwa nyufa zimeingia ndani. Nyuma ya flaiwili kuna sili ya krankishafti. Kama ndani ya hauzingi kumelowa oili nyeusi ya injini, sili hiyo hubadilishwa wakati huu. Kama ni oili nzito yenye harufu kali ya salfa, inavuja sili ya mbele ya giaboksi. Sili za giaboksi ya mtumba, ya mbele na ya mkiani, hubadilishwa hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa hazijulikani zimekaa kavu kwenye kontena kwa muda gani.

Ile beringi ndogo ya katikati ya krankishafti hupuuzwa na wengi. Huzungushwa kwa kidole, ikikwaruza hutolewa. Asiye na kifaa cha kuivuta huijaza grisi tundu lake lote, akatafuta chuma cha duara kinachoenea ndani bila nafasi, akakipiga kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma beringi kutoka nyuma. Wapo wanaotumia mkate uliokandwa, nao hufanya kazi ileile na kupunguza uchafu wa kusafisha.

Pleti mpya huwekwa upande wake sahihi, yaani kitovu chenye springi kilichotokeza kikitazama giaboksi. Ikigeuzwa, springi hugusa flaiwili na klachi haitaachia kamwe. Mikono yenye grisi haishiki uso wake. Kulenga katikati hufanywa kwa kijiti cha plastiki kinachouzwa na klachi nyingi, au kwa shafti ya mbele ya giaboksi iliyokufa. Bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa msalaba, raundi kadhaa, na kipimo chake cha mwisho ni kidogo kuliko mikono mingi inavyodhani: kwa Toyota hizi ni karibu niutoni mita 19. Beringi ya klachi hukaa kwenye uma wake kwa klipu. Hupakwa grisi nyembamba sana pale uma unapogusa na kwenye meno ya shafti. Grisi nyingi hurushwa na mzunguko ikaishia kwenye pleti, na gari huanza kutetemeka kila linapoondoka.

Kupandisha ndiko kunakojaribu tabia za watu. Bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa na kukazwa kwa vidole kwenye matundu ya juu ya injini huwa reli za kuongozea. Giaboksi huvishwa juu yake na kusukumwa. Pembe ya injini na ya giaboksi lazima ziwe sawa, na hili hurekebishwa kwa jeki ya sampo, nusu sentimita juu au chini. Giaboksi ikiwa kwenye gia ya nne, mtu wa pili huzungusha shafti ya mkiani taratibu mpaka meno ya mbele yapate meno ya pleti. Ikiwa pleti ililengwa vizuri, hauzingi husogea hadi kugusa injini kwa mikono tu. Ikisimama na kuacha pengo, kuna kitu hakijakaa. Kulivuta pengo hilo kwa kukaza bolti ndiko kunakovunja masikio ya aluminiamu na kupinda kitovu cha pleti, na sehemu kubwa ya giaboksi zenye masikio yaliyochomelewa zilipata majeraha yao hivyo. Hurudishwa nyuma, hutazamwa, hujaribiwa tena.

Yanayobaki ni kurudi kwa njia iliyotumika kwenda: bolti za hauzingi, mwamba wa chasisi, starta, slevu, ekzosi, waya wa rivasi, kebo ya spidi, propela kwa alama zake. Liva huachwa ya mwisho, kwa sababu tundu lake ndilo mlango rahisi wa kumimina oili. Faneli huwekwa kabini, nati ya ubavuni huachwa wazi, na oili humiminwa mpaka ianze kuchuruzika hapo, gari likiwa limekaa sawa. Kiwango ni ukingo wa chini wa tundu hilo. Aina ya oili huandikwa kwenye kitabu cha gari, na zaidi ya namba ya unene, kama 75W-90, hutazamwa daraja lake la GL. Oili ya GL-5 imetengenezwa kwanza kwa ajili ya difu; baadhi yake ina dawa za salfa zinazoweza kula shaba, na ulaini wake huzifanya pete za sinkronaiza kuteleza badala ya kushika. Kitabu kinachokubali GL-4 na GL-5 kinampa mtu nafasi ya kuchagua GL-4 kwa giaboksi.

Betri ikirudishwa, pedali ya klachi hukanyagwa mara kadhaa kabla ya injini kuwashwa. Injini huwashwa gari likiwa bado kwenye stendi na gia ikiwa frii, mtu mmoja akisikiliza kutoka ubavuni, si chini. Gari likishashushwa, safari ya kwanza ni ya mtaani, gia zote zikapitiwa moja moja pamoja na rivasi, na kurudi kuangalia kama kuna tone lolote mkiani, kwenye nati za oili au chini ya hauzingi. Bolti za propela na za mwamba hukazwa tena baada ya safari hiyo.

Klachi mpya huhitaji kilomita 500 hivi za mwendo wa mji kabla ya kubebeshwa mchanga au magunia ya viazi. Giaboksi ya mtumba humwagwa oili yake ya kwanza baada ya kilomita 1,000 hivi, na sumaku ya nati hutazamwa. Ikiwa na unga wa kijivu peke yake, hujazwa oili mpya na kuachwa ifanye kazi. Ikiwa na vipande, hurudishwa kwa muuzaji pamoja na ile risiti.